Tenke na treni ya watu: historia ya njia na tumaini la kuirudisha

Tenke ni muji mdogo, lakini kila mtu aliyesafiri kwa reli katika Katanga ya zamani analijua jina lake, kwa sababu pale njia zinaachana. Treni inayotoka Lubumbashi na Likasi, ikiisha kupita Fungurume, inafika Tenke. Kutoka pale inaweza kushika njia ya kaskazini kwenda Lubudi, Bukama, Kamina na Kasai, ao njia ya magharibi kwenda Kolwezi, Dilolo na bahari ya Atlantiki.

Vagoni za mizigo zinapita pale hata leo. Lakini treni ya abiria, ile ya kumpeleka mfanyakazi kazini, mama sokoni na kijana masomoni, imekuwa kitu cha nadra. Katika gare ndogo za njia hii watu wanangoja, wala hawajui wanangoja saa gani. Basi tuulize: treni ya watu inaweza kurudi kati ya Likasi, Tenke na Kolwezi? Mbele ya kujibu, inafaa tutazame namna njia hii ilivyozaliwa, na namna watu walivyopoteza nafasi yao juu yake.

I. Njia ilijengwa juu ya kitu gani?

Njia ya magharibi ni ya zamani kupita reli yenyewe. Katika karne ya 19, wakati Msiri alipotawala Bunkeya, misafara ya Waovimbundu ilitoka Bihé, katika Angola, ikafika kwake kununua pembe na watumwa. Mizigo ilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Msiri aliuawa katika mwezi wa Desemba 1891, na nyuma ya kifo chake Wazungu walianza kupima mawe ya inchi yake. Waliona upesi kwamba shaba haina samani kama haifiki baharini, na kwamba mabega ya watu hayawezi kuifikisha.

Ndiyo sababu ya reli. Kampani ya reli ya Katanga iliundwa mwaka 1902. Mwaka 1906 ziliundwa Union Minière du Haut-Katanga na kampani ya B.C.K. Reli iliyotoka kusini, kupitia Rhodesia, iliingia Elisabethville mwaka 1910. Mwaka 1913 ilifika Kambove, na mwaka 1918 ilifika Bukama, kwenye mto Lualaba, ikiisha kupita Tenke. Mwaka 1928 njia ya Bukama ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo. Mwisho, mwaka 1931, njia ya kutoka Tenke mpaka Dilolo, yenye kilomita 500 na zaidi, iliungana na reli ya Benguela ambayo Mwingereza Robert Williams alianza kuijenga kutoka Lobito mwaka 1903. Kutoka siku ile Tenke ikawa njia panda ya reli.

Tukitazama miaka hii yote, tunaona jambo moja. Kila mara reli ilisogea, ilisogea kwa ajili ya shaba. Hakuna kilomita hata moja iliyowekwa kwanza kwa ajili ya abiria. Lakini watu waliingia. Union Minière ilikosa wafanyakazi karibu na migodi, ikawatafuta mbali: Lomami, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Kutoka mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwapa nafasi ya kuishi pamoja na wake na watoto wao. Watu wale walifika kwa reli, na kwa reli walirudi kuwazika wazazi wao. Tunaweza kusema bila uongo kwamba Likasi na Kolwezi ni watoto wa njia hii, hata kama njia haikujengwa kwa ajili yao.

Tena njia yenyewe haikuwa ya kuzarauliwa. Mwanzoni mashini zilichoma kuni na makaa. Lakini mwaka 1952 sehemu ya Jadotville (Likasi) mpaka Tenke ilianza kutumia umeme wa volti 25,000, ikawa kati ya njia za kwanza duniani zenye umeme wa namna hii. Maji ya mito yetu, ya Lufira na Lualaba, yalitoa nguvu ile. Wazee walioiona wanajua kwamba Tenke haikuwa nyuma ya Ulaya siku ile.

II. Namna watu walivyopoteza nafasi yao

Hakuna mkubwa aliyeandika siku moja: «Kutoka leo watu wasisafiri tena.» Nafasi yao ilipotea kidogo kidogo.

Kwanza vilikuja vita. Wakati Katanga ilipojitenga, kutoka 1960 mpaka 1963, madaraja yalivunjwa na safari zilikatwa. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, na mlango wa magharibi ukafungwa kwa muda mrefu. Mwaka 1977 na 1978 vita vilirudi, na mwaka 1978 vilifika mpaka Kolwezi.

Pili, shaba yenyewe ilianguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa bado zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na nyuma ya miaka michache kazi ya Gécamines ilibaki kidogo sana. Shirika la taifa la reli, lililoundwa mwaka 1974, liliishi kwa mizigo ya migodi. Mizigo ilipopunguka, feza zilipunguka. Wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara, na vagoni za abiria ziliharibika bila kutengenezwa. Kutoka 1995 mpaka 1997 kampani ya Sizarail ilijaribu kuendesha reli kwa namna ingine, lakini vita na mabadiliko ya serikali vilimaliza jaribio lile.

Kuna jambo la tatu, na ni la huzuni. Katika miaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Likasi na Kolwezi. Maelfu walilala katika gare na pembeni ya gare, wiki kwa wiki, wakingoja treni ya kuwapeleka katika inchi ambayo wengi wao hawakuizaliwa. Wengi walikufa kwa magonjwa, kwa njaa na kwa uchovu, mbele ya kuondoka ao katika safari. Treni zile zilipita Tenke. Njia iliyokuwa imewaleta babu zao iliwabeba wajukuu kama mizigo. Ni vema tusisahau jambo hili tunapozungumza juu ya reli, maana treni inaweza kuunganisha watu, na inaweza pia kuwatupa.

Lakini treni za abiria zilipopunguka, safari za watu hazikupunguka. Mama mwenye mifuko ya makala, kijana anayetafuta kazi, mtu anayekwenda kwenye matanga: hao wote wanapaswa kufika. Basi wanapanda vagoni za mizigo. Wanakaa juu ya matanki ya mafuta na kati ya vyuma. Mwezi wa Novemba 2017, karibu na Lubudi, treni ya matanki ilianguka, na watu zaidi ya 30 walikufa. Mwezi wa Machi 2022, katika sehemu ileile, pale Buyofwe, treni ya mizigo iliyotoka Luena kuja Tenke iliacha reli na kuanguka katika bonde. Wafu walikuwa 75. Waliitwa abiria wa siri, wasio na ruhusa. Lakini wangepata wapi ruhusa, kama treni yenye tikiti haipiti?

III. Wengine walifanya namna gani?

Kama tungekuwa wa kwanza kuuliza swali hili, tungeweza kuogopa. Lakini jirani zetu wa mashariki wamekwisha kujaribu.

Katika Dar es Salaam, mwezi wa Oktoba 2012, treni za muji zilianza juu ya reli za zamani: moja kutoka katikati ya muji mpaka Ubungo, ingine juu ya reli ya TAZARA. Hawakungoja reli mpya. Walitengeneza vagoni za zamani, wakapanga saa za asubuhi na za jioni, na watu waliipa jina la waziri aliyeisukuma kazi ile: treni ya Mwakyembe. Katika Nairobi, gare mpya ya Syokimau ilifunguliwa mwaka uleule wa 2012, na mwaka 2020 Kenya ilinunua treni ndogo zilizokwisha kutumika Uspania. Katika Kampala treni ya abiria ilirudi mwezi wa Desemba 2015. Ilisimama wakati kampani iliyoiendesha ilipopoteza mkataba wake, kisha shirika la serikali likaianzisha tena mwaka 2018.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: njia ya zamani inaweza kubeba watu tena, hata kwa vyombo vya zamani, kama kuna mkubwa mwenye kutaka. La pili: treni inayotegemea mkataba wa kampani inakufa siku mkataba unapokufa, kama serikali haikujiandaa kuipokea.

IV. Magumu na tumaini katika Tenke

Tusidanganyane. Tenke si Dar es Salaam. Watu wetu hawakai pamoja kwa mamilioni. Vijiji na miji ya migodi vimetawanyika. Kutoka Tenke mpaka Likasi, ao mpaka Kolwezi, ni karibu kilomita 100 kila upande. Reli nyingi zimechoka, na treni inapaswa kwenda polepole. Pahali pengi nyaya za shaba za umeme zimeibiwa, na migodi inashindania umeme uliobaki. Tena kila mtu anayejua hesabu ya reli atasema: tikiti ya maskini hailipi mafuta ya mashini. Ni kweli. Zamani pia haikulipa; ni mizigo iliyomsaidia abiria.

Lakini mizigo imerudi. Mgodi mkubwa wa Tenke-Fungurume ulianza kutoa shaba mwaka 2009, na inchi yetu yote sasa inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, kupita kabisa siku za nguvu za Gécamines. Sehemu kubwa ya shaba ile inakwenda kwa kamiyo, na kila mtu anayekaa kando ya barabara ya Likasi na Kolwezi anajua vumbi, msongamano na ajali zake. Reli ya Benguela, iliyotengenezwa upya na Wachina, ilifunguliwa tena mpaka mpaka wetu mwaka 2015. Mwaka 2018 shaba yetu ilianza kupita pale tena. Mwaka 2023 kampani mpya ilipokea kazi ya kuiendesha kwa miaka 30, na katika mwaka ule Marekani na Umoja wa Ulaya walitia sahihi kusaidia njia ya Lobito. Kwa hiyo watu wanazungumza tena juu ya reli ya Tenke mpaka Dilolo, sawasawa na siku za Williams.

Na hapa ndipo historia inatuonya. Wanazungumza juu ya tani. Wakati wa 1902, wakati wa 1931, walizungumza juu ya tani, na mtu aliingia nyuma, pahali palipobaki. Kama leo tutanyamaza, reli itatengenezwa, vagoni mpya zitapita upesi kupita zile za zamani, na vijana wetu watazidandia upesi vilevile. Reli nzuri bila treni ya abiria inaweza kuua watu wengi kupita reli mbaya.

Kwa hiyo tunaomba mambo madogo, lakini yaandikwe. Kwanza, kila mkataba wa kutengeneza njia hii utoe saa za treni ya watu: moja ya asubuhi na moja ya jioni, kati ya Tenke na Kolwezi, na kati ya Tenke na Likasi kupitia Fungurume. Pili, sehemu ndogo ya malipo ya kila tani iende kusaidia tikiti, namna ilivyokuwa zamani. Tatu, makampani ya migodi, yanayobeba wafanyakazi wao kwa mabasi, yanunue nafasi katika treni hiyo. Mfanyakazi wa Fungurume na mama wa makala wanaweza kukaa katika vagoni moja. Nne, gare ndogo zirudishiwe paa, taa na mtu wa kuuza tikiti, ili abiria awe na jina na hesabu, asiwe tena mtu wa siri.

Wengine watasema kwamba inafaa kwanza kuhesabu kama watu watapanda. Tunajibu kwa heshima kwamba hesabu hiyo imekwisha kufanywa. Wafu wa Lubudi na wa Buyofwe walionyesha kwamba watu wanataka kusafiri kwa njia hii, hata bila kiti, bila paa na bila ruhusa. Hakuna uchunguzi unaoweza kuonyesha haja kubwa kupita ile.

Ndugu wasomaji, wengi kati yenu mtatumwa katika vijiji vya njia hii. Siku mkutano utakapofanywa juu ya reli, na wakubwa wakileta karatasi zao, ulizeni kwa upole neno moja tu: katika karatasi hii, treni ya watu imeandikwa ukurasa gani?