Piano ya Mabanga ni Ile Inayobebeka

Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021, Jenerali Constant Ndima, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zote zilikuwemo. Siku tano kabla, volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka na lava ikaishia Buhene, ukingoni mwa mji. Sasa ilihofiwa kwamba moto umefika chini ya mji wenyewe. Watu wakashika njia ya Sake, wengine mpaka wa Gisenyi, wengine boti za Bukavu. Mimi ni fundi wa redio na vinanda hapa Mabanga Kusini, na jicho la fundi halipumziki hata siku ya kukimbia. Kati ya magodoro na masufuria niliona piano. Zilifungwa kwa vitenge, zikabebwa mgongoni kama watoto, na moja ililazwa juu ya chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha kusukuma, katikati ya majerikani.

Naita piano kama mtaa unavyoita: kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61 na spika zake pembeni. Ile kubwa ya mbao nayo ilifika Kivu, lakini haikuja kwa ajili yetu. Enzi za Wabelgiji mzigo wa Ulaya ulishushwa Dar es Salaam, kwenye gati ambayo Ubelgiji ilipewa na Waingereza mwaka 1921, Belbase. Ukapakiwa kwenye treni hadi Kigoma, ukavuka Tanganyika kwa meli, ukapanda Bukavu kwa nchi kavu, halafu tena meli ya Ziwa Kivu mpaka Goma. Watengenezaji wa Ulaya waliunda piano maalumu za nchi za joto, zenye skrubu za shaba na maungio yaliyokazwa, kwa sababu gundi ya ngozi ilikuwa inalainika kwenye unyevu. Ziliwekwa kwenye sebule za walowezi. Mwafrika aliigusa piano hiyo siku ya kuibeba, na labda siku ya kuifuta vumbi.

Kwetu kinanda kiliingilia kanisani. Wamisionari walileta harmonia, ambayo mpigaji anaisukumia upepo kwa miguu na sauti inatoka kwenye vibati vya shaba. Haitaki umeme, haitaki mtu wa kukaza nyuzi kila msimu, na nashangaa tumeisahau haraka hivyo. Ray Lema, aliyezaliwa mwaka 1946 upande wa Kongo ya Chini na leo anajulikana duniani kama mpiga piano, alianzia kwenye vinanda vya mapadri seminarini. Ndiyo njia waliyopita wapiga vinanda wengi.

Kisha Wajapani wakaja. Casio walitoa Casiotone mwaka 1980, Yamaha wakafuata na DX7 mwaka 1983. Hiyo DX7 ilikuwa ya orkesta zenye pesa. Kilichobadilisha mambo ni vinanda vidogo vya nyumbani, vyenye betri, spika na midundo ndani yake. Makanisa yakanunua. Kwaya ina vijana kumi wanaotaka kujifunza na kinanda ni kimoja, kwa hiyo mwenye zamu ya mwisho anarudi nyumbani usiku. Wazazi wengi wanaokuja kwangu hawasemi habari za muziki kabisa. Wanasema, "Fundi, nataka mtoto apigie hapa nyumbani, nimuone." Hofu ya njia za usiku ndiyo iliyoleta piano kwenye parsele zetu.

Tarehe 17 Januari 2002 iliamua piano hiyo iwe ya namna gani. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikachukua kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na sehemu ya uwanja wa ndege, na watu kwa mamia ya maelfu wakavukia Gisenyi. Waliporudi wengi walijenga kwa mbao na mabati juu ya mawe yaleyale. Hebu weka humo piano ya nyuzi. Inapita kilo 200, nyuzi zake zaidi ya 200 zinavuta kwa pamoja karibu tani 20, na bati linachoma mchana halafu usiku baridi ya mita 1,500 inaingia kwenye nyufa. Wiki mbili tu, sauti imeshapotoka. Na mlima ukinguruma, unaiacha.

Umeme nao umechangia. Tangu mtambo wa Matebe ulipozinduliwa kwenye mto Rutshuru mwaka 2015 hali ni nafuu kwa aliyeunganishwa, lakini nyumba nyingi bado zinategemea betri ya volti 12 na paneli ya jua. Hapo ndipo ninapopatia chakula changu. Yamaha nyingi za PSR hutaka volti 12, na ncha ya katikati ya pini ni chanya. Casio nyingi za zamani hutaka volti 9, na katikati ni hasi. Papa mmoja akiazima adapta ya jirani kwa sababu pini imeingia vizuri, jioni hiyohiyo kinanda kiko mezani kwangu kikinuka moshi.

Adui wa pili ni vumbi letu jeusi. Chini ya vibonyezo kuna utepe wa raba wenye vitone vya kaboni. Vinanda vinavyosikia nguvu ya kidole vina vitone viwili kwa kila kibonyezo, na mashine hupima muda kati ya kugusa kwa cha kwanza na cha pili. Chembe ya lava ikikaa hapo, noti moja inakuwa bubu na nyingine inapiga kelele hata ukiigusa polepole. Nafungua, nafuta kwa alkoli na kitambaa kisichoacha nyuzi, nafunga.

Hata hivyo betri ina thamani yake: mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na umeme ukakatika, vinanda vya betri ndivyo vilivyoendelea kulia.

Vijana waliosoma muziki hunipinga. Wanasema vibonyezo 61 havitoshi, na vile vyepesi vinaharibu mkono. Kwa muziki wa Chopin wana haki. Yamaha P-45 ina vyote 88, vizito kama vya piano halisi, lakini ina kilo 11 na nusu na haikubali betri. PSR ya kawaida haifiki kilo 5.

Basi wewe unayenunua, geuza kinanda usome volti na alama ya pini, bonyeza kila kibonyezo mara mbili, polepole na kwa nguvu, kisha dai kiwashwe kwa betri mbele yako. Muuzaji akikataa, usilipe. Na ukisitasita kati ya 88 na 61, chukua 61.