Daftari la Rufiji: Historia Fupi ya Kituo cha Utafiti wa Afya Ikwiriri

Mwishoni mwa mwaka 1998, wadadisi walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya kaskazini mwa Mto Rufiji, wakiandika jina la kila mkazi, umri wake, jinsi yake na uhusiano wake na mkuu wa kaya. Baada ya miezi minne walirudi kwenye kaya zilezile na kuuliza: nani amezaliwa, nani amehama, nani amehamia, nani amefariki? Miezi minne mingine ilipopita, wakarudi tena. Ndivyo lilivyoanza daftari la Rufiji, kazi iliyoendeshwa kutoka Ikwiriri na kufuatilia maisha ya watu wapatao 85,000. Wakati huo wote walikuwa wakazi wa Wilaya ya Rufiji. Leo baadhi ya vijiji hivyo viko Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji.

Kituo kilichoendesha daftari hilo kinastahili kukumbukwa kwa mambo mengi. Makala haya yanakitazama kwa upande mmoja ambao hausemwi sana, yaani mchango wake katika elimu ya maradhi ya ubongo. Hakikuwa na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wala mashine ya kupiga picha za kichwa. Kilichokuwa nacho ni kumbukumbu za wazazi waliofiwa, zilizokusanywa kwa adabu na kupangwa kwa uangalifu, na kumbukumbu hizo zilisahihisha jambo ambalo wataalamu wengi walikuwa wamelikosea kuhusu degedege.

Chimbuko

Chimbuko la kituo ni mradi uliojulikana kwa kifupi cha TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada, IDRC. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini zinaweza kuokoa maisha ya watu wengi kwa fedha kidogo, mradi fedha hizo zielekezwe kwenye maradhi yanayoua zaidi. Tanzania ilikubali kulijaribu wazo hilo katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Ili wilaya ijue maradhi yanayoua zaidi, ilihitaji kwanza kujua nani anakufa na kwa sababu gani. Vifo vingi vilitokea nyumbani na havikuingia kwenye kitabu chochote cha zahanati.

Mwaka 1998, mwaka daftari la Rufiji lilipoanza, wanasayansi wa vituo vya uangalizi kama hiki kutoka Afrika na Asia walikutana Dar es Salaam na kuunda mtandao wa INDEPTH, ili vituo viweze kulinganisha takwimu zao. Rufiji ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyotoa mchango mkubwa katika mtandao huo.

Baadaye kazi ya Rufiji iliingia mikononi mwa taasisi ya Ifakara. Mizizi ya Ifakara ni maabara ndogo ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyofunguliwa mwaka 1957, baada ya Profesa Rudolf Geigy wa Basel kufika bonde la Kilombero mwaka 1949. Mwaka huohuo wa 1957, huko Brussels, wataalamu wa mishipa ya fahamu kutoka nchi mbalimbali waliunda Shirikisho la Neurolojia Duniani. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya maswali ya shirikisho lile na takwimu za vijiji vya Tanzania kukutana. Mwaka 1996 Ifakara ikawa taasisi ya Kitanzania inayojitegemea, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Kuuliza bila kuumiza

Katika kila kijiji kulikuwa na mtoa taarifa, mtu anayefahamika na wenyeji, aliyeandika vizazi na vifo vinapotokea. Akitoa habari ya kifo, mdadisi hakuja na dodoso lake msibani. Alisubiri siku za maombolezo zipite, ndipo akabisha hodi, akatoa pole na kumwomba aliyemuuguza marehemu asimulie.

Maswali yalikuwa mengi na ya kina. Homa ilianza siku gani? Mtoto alikuwa ananyonya? Alikohoa? Mbavu zilibonyea akivuta pumzi? Shingo ilikakamaa? Alishikwa na degedege? Baada ya degedege alizinduka au aliendelea kulala? Mlimpeleka wapi kwanza, na wapi baadaye? Dodoso lililojazwa lilisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na kila mmoja akaandika sababu ya kifo kadiri alivyoona. Wasipokubaliana, liliitwa jicho la daktari wa tatu.

Kwa anayesomea tiba, kazi hii ni shule ya aina yake. Daktari hana mgonjwa mbele yake, hana damu ya kupima wala kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Ana maneno ya mama tu, na lazima atenganishe malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo, degedege la homa ya kawaida na kifafa cha siku nyingi. Njia hii ina mipaka yake, maana dalili za maradhi haya hufanana. Lakini inamfundisha daktari kusikiliza historia ya mgonjwa, na katika maradhi ya ubongo historia ya mgonjwa ni nusu ya uchunguzi.

Degedege mahakamani

Maisha ya Rufiji yanajulikana. Mafuriko yakipungua watu hulima mlau, na msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe, wakilala kwenye madungu. Huko mbu ni wengi na zahanati iko mbali. Hospitali ya wilaya ilikuwa Utete, ng'ambo ya mto, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyekwenda kusini kwa barabara kuu alivuka mto huko Ndundu kwa kivuko. Mtoto akishikwa na degedege usiku wa manane, mzazi hakuwa na njia nyingi.

Katika pwani yote degedege limekuwa na maelezo yake. Wengi waliliona ni jambo la mashetani, linalohitaji mafusho, dawa za kuogesha au kombe, na wapo walioamini kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kutokana na imani hizo wataalamu wengi walijenga hoja nyepesi: watoto wanakufa kwa malaria ya ubongo kwa sababu wazazi wanakimbilia kwa mganga wa kienyeji. Kampeni za elimu ya afya zikaandikwa kana kwamba mama ndiye mshtakiwa.

Daftari la Rufiji lilitoa ushahidi tofauti. Watafiti wa kituo walichambua safari za tiba za watu waliofariki kwa malaria kati ya 1999 na 2001, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Karibu wanane kati ya kila kumi walikuwa wameanzia kwenye tiba ya kisasa. Hata kwa waliokuwa na dalili za malaria ya ubongo, tiba ya kisasa ndiyo iliyotangulizwa na wengi. Wazazi walikuwa wamefanya walichoambiwa wafanye, na watoto wakafa hata hivyo. Swali likahama kutoka nyumbani kwa mama likaenda kwenye mlango wa huduma: je, dawa aliyopewa ilikuwa bado inaua vimelea? Mhudumu aliitambua hatari mapema? Kulikuwa na usafiri wa rufaa? Glukosi ilikuwepo?

Hili ndilo jambo kubwa ambalo kituo cha Rufiji kimeliachia taaluma. Kabla ya kumlaumu mgonjwa, hesabu kwanza.

Hesabu zikawa dawa

Takwimu hazikubaki kabatini. TEHIP iliwapa waganga wakuu wa wilaya michoro rahisi iliyoonyesha kila ugonjwa unachukua sehemu gani ya mzigo wa vifo, nao wakailinganisha na bajeti. Morogoro, kwa mfano, malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Timu za wilaya zilipanga upya matumizi: vyandarua, mafunzo ya wahudumu, na utaratibu wa kumtibu mtoto mgonjwa kwa kuangalia maradhi yote kwa pamoja badala ya kutibu dalili moja. Nyongeza ya fedha ilikuwa ndogo, chini ya dola moja ya Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya takriban miaka mitano.

Kuhusu dawa, klorokwini ilikuwa imeacha kufanya kazi, na mwaka 2001 nchi ikahamia dawa ya SP (sulfadoksini na pirimethamini). Rufiji ikawa mahali pa kujaribia hatua iliyofuata, SP pamoja na artesunati, iliyotolewa katika vituo vya afya vya wilaya kabla nchi nzima haijaingia kwenye dawa ya mseto. Kila malaria inayotibiwa mapema kwa dawa inayofaa ni ubongo wa mtoto uliookolewa kabla haujaguswa.

Baada ya degedege

Kupona malaria ya ubongo si mwisho wa habari. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, ulionyesha kuwa takriban mtoto mmoja kati ya wanne wanaopona hubaki na athari: udhaifu wa viungo, matatizo ya usemi, ya kumbukumbu na ya tabia, au kifafa. Hapo ndipo vituo vya uangalizi vikaanza kuitumikia neurolojia moja kwa moja.

Ndugu wa Rufiji katika kazi hiyo alikuwa kituo cha Ifakara, bonde la Kilombero. Pamoja na Kilifi, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana na Agincourt nchini Afrika Kusini, kilishiriki utafiti mkubwa wa kifafa ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Watu zaidi ya 586,000 waliulizwa, na waliothibitika kuwa na kifafa hai cha mitukutiko ni 1,711. Ifakara ilikuwa na kiwango cha juu kuliko vituo vyote: watu 14.8 kwa kila 1,000. Utafiti ulionyesha uhusiano na matatizo ya wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na maambukizi ya vimelea, usubi ukiwemo. Mengi kati ya hayo yanazuilika.

Matokeo hayo yalikuwa na mtangulizi. Mwaka 1960, huko Mahenge, si mbali na Ifakara, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kwa watu waliokuwa wametengwa na jamii. Aliandika pia habari za watoto waliokuwa wakitikisa kichwa bila kujizuia, hali ambayo ulimwengu wa tiba ulikuja kuishughulikia kwa dhati miongo mingi baadaye.

Deni la wataalamu

Vyama vya madaktari vina nafasi gani katika historia hii? Chama cha Madaktari Tanzania kipo tangu 1965, na barani kuna Akademia ya Neurolojia ya Afrika, inayoendesha mafunzo kwa madaktari vijana. Dk. William Howlett wa hospitali ya KCMC, Moshi, aliandika kitabu cha neurolojia kwa ajili ya Afrika, kilichotolewa mwaka 2012 na kupatikana bure kwa wanafunzi. Hizi ni juhudi za kupongezwa. Lakini mabingwa wa mishipa ya fahamu Tanzania ni wachache mno na wengi wako mijini. Mtoto wa Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, anayefika bara kwa mashua kupitia mikoko, atakutana kwanza na tabibu au muuguzi wa zahanati. Elimu ya neurolojia isiyomfikia mhudumu huyo haijamfikia mtoto.

Na yapo ya kumfundisha yasiyohitaji mashine. Kipimo cha Blantyre, kilichobuniwa Malawi miaka ya 1980, humwezesha kupima kina cha kupoteza fahamu kwa mtoto asiyeweza kusema. Anaangalia kama macho yanamfuata mama: alama moja. Anasugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole: mtoto akiupeleka mkono mahali panapouma, alama mbili. Asipofanya hivyo, anambonyeza ukucha kwa kalamu: akiuvuta mkono tu, moja. Anasikiliza sauti: mtoto akilia kama kawaida, mbili, akiguna tu, moja. Jumla ya juu ni tano. Ikifika mbili au chini ya hapo, mtoto amezimia, na kila dakika ina thamani: mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, pima sukari, komesha degedege, anza dawa ya malaria, andaa rufaa.

Mwezi Mei 2022, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa miaka kumi wa kupambana na kifafa na maradhi mengine ya mishipa ya fahamu. Mpango huo unazitaka nchi ziwe na takwimu zao. Tanzania haianzii sifuri. Inao urithi wa maelfu ya mahojiano ambayo watu wa Ikwiriri, Kibiti na Bungu walikubali kuyatoa wakiwa bado na majonzi, wakitumaini kuwa mtoto wa mwingine atapona.

Heshima inayowafaa ni ya vitendo. Vyama vya wataalamu vidai fedha za umma kwa ajili ya vituo vya uangalizi, ili uhai wake usitegemee wafadhili peke yao. Vyuo vya tiba viwapeleke wanafunzi vijijini wakajifunze kusikiliza historia ya ugonjwa kwa aliyemuuguza mgonjwa. Na matokeo yote yatokanayo na daftari hili yarudishwe kwa Kiswahili kwenye mikutano ya vijiji, kwa wale waliotoa taarifa zake. Warufiji walitimiza sehemu yao. Iliyobaki ni ya wenye taaluma.