Debe, kutoka mafuta ya taa hadi sanduku la kura

Mafuta ya taa yalipoanza kuingia kwa wingi pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, yalikuja ndani ya mabati ya pembe nne, mawili katika kila kasha la mbao. Bati moja lilichukua galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 hivi. Jina lake, debe, lilitoka Uhindini.

Mafuta yakiisha, bati halikutupwa. Lilikatwa juu, likapigiliwa kijiti cha kushikia, likawa la kuchotea maji. Lililotoboka lilipasuliwa na kunyooshwa, likawa ukuta au paa. Sokoni likawa kipimo, na hadi leo muuza mahindi mwenye ndoo ya plastiki hutaja bei ya debe. Wapo na wadogo zake: sado ya Tanzania, iliyokuwa kopo la rangi, na gorogoro ya Kenya. Mnunuzi mzoefu hupapasa kitako kwanza, kwani kilichobonyezwa kwa ndani humla kiasi.

Lakini kilicholipa debe umri mrefu ni mlio wake. Likijaa nafaka, ukiligonga halisemi kitu. Likiwa tupu husikika mtaa wa pili, na ndiyo asili ya methali ya debe tupu lisiloacha kuvuma. Kituoni, mpigadebe hana debe lolote. Hugonga ubavu wa daladala akiita “Mbagala! Mbagala!” mpaka lijae, kisha konda humtoa kidogo. Siasa nayo ikauchukua msemo mzimamzima: mgombea hupigiwa debe, wala haoni haya, ingawa methali iko palepale.

Wakenya wamekwenda mbali zaidi. Kwao debe ndilo sanduku la kura. Raia huelekea debeni, na mbunge aliyeangushwa husemwa kabwagwa debeni. Sanduku lenyewe siku hizi ni la plastiki inayoonyesha kilichomo, na ukiligonga halilii.

Kuna na maana moja isiyosemwa mbele ya wakwe. Seli zikifungwa usiku, wafungwa walijisaidia ndani ya bati, ndiyo maana aliyekwenda jela huambiwa kanyea debe. Wako wanasiasa wanaolitamka hilo jukwaani kwa fahari, kisha papo hapo wakawaomba wananchi wawapigie debe.