Upigaji wa Picha za Karibu za Maua ya Jangwani
Sanaa ya kulipiga picha ua la jangwani kwa lenzi ya karibu, hata likatokea kwa ukubwa wake halisi kwenye kihisi cha kamera. Katika bonde la Death Valley, California, ambako mvua ya mwaka ni takriban milimita 50, na mbegu hustahimili ardhini miaka mingi hadi zijaaliwe maji, maua yalichanua kwa wingi wa ajabu mwaka 2005 na 2016. Humo huota Eremalche rotundifolia, ua adhimu la zambarau hafifu, petali tano zimejikunja mfano wa kikombe, kila moja na doa jekundu ndani. Nalo humlazimu mpiga picha kulala kifudifudi, angoje upepo utulie, na kubana tundu la lenzi, ili doa na ukingo vidhihirike pamoja. Kuchuma maua hayo ni marufuku, kwani bonde hilo ni hifadhi ya taifa.