Kisu Kilibaki Mkononi mwa Jimbo

Mwaka 1890 Bunge la Marekani liliyaambia majimbo: mkitaka pesa za serikali kuu za kufunza kilimo na ufundi, msibague wanafunzi weusi. Ama muwaanzishie chuo chao, pesa zigawanywe kwa haki.

Majimbo ya kusini yakachagua vyuo viwili. North Carolina ilikuwa tayari na cha wazungu pale Raleigh. Mwaka 1891 ikaanzisha cha weusi, ambacho leo ni North Carolina A&T, Greensboro. Hapo ndipo Ronald McNair alisomea fizikia, akamaliza 1971, akaja kuwa mwanaanga.

Lakini mwenye kisu ndiye mla nyama, na kisu kilibaki mkononi mwa jimbo. Mwaka 2023 serikali kuu iliwaandikia magavana 16: kama vyuo hivi vingepewa kiasi kilekile kwa kila mwanafunzi, kati ya 1987 na 2020 vingepata zaidi ya dola bilioni 12 za ziada. A&T peke yake, zaidi ya bilioni 2.

Na hiyo ni tangu 1987 tu. Miaka 97 ya kwanza, ya kina McNair ikiwemo, haimo kwenye hesabu.