Kuandika ni Amana: Mafunzo ya Kukusanywa kwa Msahafu

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu na kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, haikuja kueleza vita wala habari za wafalme. Imekuja kutuamrisha tuandikiane madeni, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, wala tusichoke kuandika jambo, liwe dogo au kubwa. Leo tutazame jinsi Masahaba walivyoifanya kazi ya kuandika, wakiwa jamaa wanaoshirikiana.

Mtume (S.A.W.) alipofariki, Qur'ani yote ilikuwa imekwisha andikwa mbele yake, lakini kwa vipande mbali mbali: juu ya ngozi, makuti ya mtende, mawe bapa na mifupa. Tena ilikuwa imehifadhiwa vifuani mwa watu. Kisha vikatokea vita vya Yamama, baina ya mwaka wa 11 na wa 12 wa Hijra (632–633), na wengi waliohifadhi Qur'ani wakauawa. Sayyidna Umar (R.A.) akaingiwa na hofu, akamwendea Khalifa Abubakar (R.A.), akamshauri Qur'ani ikusanywe pamoja. Abubakar alisita kwanza, kwa kuwa jambo hilo Mtume hakulifanya. Umar hakuacha kumrejea mpaka kifua chake kikakunjuka.

Aliyechaguliwa kuisimamia kazi ni Zaid bin Thabit (R.A.), kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwenye akili, asiyetuhumiwa kwa lolote, aliyekuwa akimwandikia Mtume wahyi. Zaid mwenyewe alisema kwamba lau angeamrishwa auhamishe mlima, isingekuwa nzito kwake kuliko kazi hiyo.

Basi tazameni njia aliyoifuata. Zaid alikuwa hafidhi, naye angeweza kukaa peke yake akaandika yaliyomo kifuani mwake. Hakufanya hivyo. Imepokewa kwamba yeye na Umar waliamrishwa wakae mlangoni mwa msikiti, na lisikubaliwe andiko la mtu yeyote ila kwa mashahidi wawili. Akalinganisha yaliyoandikwa na yaliyohifadhiwa. Mwisho wa Suratut Tawba aliutafuta mpaka akaupata kwa Abu Khuzaima Al-Ansari. Kurasa zilipokamilika zikawekwa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa Bibi Hafsa binti Umar (R.A.). Kwa hiyo daima palikuwa na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye kuzitunza.

Zikapita siku. Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (R.A.), Hudhaifa bin Al-Yaman alirudi kutoka vitani Armenia na Azerbaijan, naye amefazaika kwa kuwasikia watu wa Sham na wa Iraq wakihitilafiana katika usomaji. Akamhimiza Khalifa auokoe umma huu kabla haujafarikiana. Uthman akaziazima zile kurasa kwa Bibi Hafsa, akaunda kundi la watu wanne: Zaid bin Thabit, Abdullah bin Zubeir, Said bin Al-As na Abdurrahman bin Al-Harith. Na kabla hawajahitilafiana, akawawekea kanuni: wakikosana na Zaid katika neno, waandike kwa lugha ya Kikureshi. Kazi ilipokwisha, kurasa zikarejeshwa kwa mwenyewe, nakala zikapelekwa katika miji mikubwa, na maandiko mengine yakaamrishwa kuchomwa ili pasiwe na asili mbili zinazogombana.

Wala si hilo tu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliletewa hati iliyotaja mwezi wa Shaaban, akauliza: ni Shaaban ipi, iliyopita au ijayo? Akawashauri Masahaba, na mwaka wa 16 au 17 wa Hijra tarehe yetu ikaanza kuhesabiwa. Hati isiyo na tarehe iliwataabisha hata wao.

Ndugu zangu, wako wasemao: sisi tunaaminiana, na kuandikiana ni kushukiana. Je, Zaid na Umar hawakuaminiana? Walitaka mashahidi kwa sababu waliijua thamani ya amana, na walijua kwamba mwanadamu husahau, tena hufa.

Miaka mingi iliyopita niliitwa kusuluhisha ugomvi wa shamba la minazi lililowekwa waqfu kwa ajili ya msikiti mmoja. Mwenye kuweka waqfu alikwisha fariki, na mashahidi wake pia. Kamati ilikuwa na watu saba, wote wacha Mungu, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeandika. Hapakuwa na mwizi hata mmoja. Wajukuu wa marehemu waligawana shamba lile kwa nia safi, wakijua kuwa ni urithi wao, na msikiti haukuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha. Niliondoka pale sina hukumu ya kutoa. Wazee wetu walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi enyi wenye kamati za misikiti, madrasa na vyama vya kuzikana, nanyi vijana mnaosoma: mteueni mwandishi ajulikane kwa jina, na mwingine wa kuhakikisha. Andikeni siku ile ile, kabla kumbukumbu haijachakaa. Tieni tarehe. Kubalianeni mapema ni lipi litakalofuatwa mkihitilafiana. Daftari liwe moja, liwekwe mahali panapojulikana, na anayeondoka amkabidhi anayeingia mbele ya watu.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe watunzaji wa amana, na uwalipe kheri Masahaba wa Mtume wako kwa waliyotuhifadhia. Amin. Wabillahi tawfiq.