Futswe: mboga ya Pwani inayofaa kufunika udongo Eastlands

Kenya ina Kaloleni zaidi ya moja. Moja iko Kaunti ya Kilifi. Nyingine ni mtaa wa Eastlands, Nairobi, uliojengwa miaka ya 1940, wenye nyumba za chini, viwanja vya wazi na miti ya kivuli. Futswe wanaijua vizuri katika ile ya kwanza. Ingefaa pia katika ile ya pili.

Futswe ni jina la Kimijikenda. Kitaalamu mmea huu ni Asystasia gangetica. Linnaeus aliupa jina la mto Ganges wa India mwaka 1756, na Waingereza huuita urujuani wa China, lakini Afrika ni kwao tangu asili. Huota pembezoni mwa misitu, vichakani na mashambani. Maua yake ni madogo, meupe, yenye madoa ya zambarau kwenye mdomo wa chini, na nyuki huyapenda.

Kwa nini Eastlands? Chini ya miti nyasi hukosa jua zikafa, udongo ukabaki mtupu. Sehemu kubwa ya mitaa hiyo ina udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuwa tope wakati wa mvua. Mvua kubwa huubeba hadi mitaroni, na mtaro ukiziba maji huingia nyumbani. Wengi huamua kumwaga saruji, lakini saruji hainywi maji. Futswe hustahimili kivuli, na shina lake linapogusa ardhi hutoa mizizi kwenye kila kifundo. Hivyo hushika udongo na kuufunika.

Kupanda ni rahisi. Mvua za Machi zikianza, kata vipande vya shina vyenye urefu wa shubiri moja. Changanya udongo na samadi iliyooza, uinue kidogo ili maji yasituame. Fukia vifundo viwili vya kila kipande, ukiacha futi moja kati ya kimoja na kingine. Mwagilia mpaka vishike. Maji ya kusuuzia mboga yanatosha. Baadaye punguza kila mara, la sivyo mmea utapanda juu ya vichaka vya jirani.

Hapo ndipo penye tahadhari. Tunda likikauka hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Malaysia futswe ni gugu sumbufu katika mashamba ya michikichi, na Australia pia wanapambana nayo. Kwetu si mgeni, lakini katika kiwanja kidogo itakusumbua usipoichunga. Ipande mahali palipozungukwa na ukuta au njia ya saruji, na ukate matunda yakiwa bado mabichi.

Majani unayopunguza ni mboga. Pwani huchanganywa na mtsunga, ambao ni mchungu, yakapikwa kwa tui la nazi na kuliwa kwa sima. Lakini usichume kando ya barabara yenye magari mengi, wala palipopita maji taka, jambo ambalo si geni Eastlands. Hapo iache ifunike udongo tu. Ya kula ipande karibu na mlango, mahali unapojua maji yanatoka wapi.